Kuripoti Vita na Njaa: Hatua kwa Hatua kwa Mwandishi Anayekwenda kwa Mara ya Kwanza

Kila vita au njaa inapozuka katika ukanda wetu, maswali yale yale hunifikia kutoka kwa waandishi vijana wanaofunga mizigo. Je, naruhusiwa kumpiga picha mtoto aliyekonda? Nimpe mama huyu chochote baada ya mahojiano? Jeshi limenipa nafasi kwenye gari lao, nipande? Nimeyajibu kwa simu na mezani kwenye chai, na kwa kuwa majibu hayabadiliki sana, nimeona niyaweke pamoja hapa. Kanuni za maadili za mabaraza ya habari, liwe la Tanzania au la Kenya, utazisoma mwenyewe. Mimi nashughulika na yale ambayo kanuni huyataja kwa mstari mmoja, kisha hukuachia uhangaike nayo ukiwa umesimama juani mbele ya watu 40.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo, kwa sababu hatua zote zinalizunguka. Mtu mwenye njaa hakatai. Aliyekimbia risasi juzi, akalala chini ya turubai jana, atakuruhusu umpige picha, atakutajia jina lake, kijiji chake na jina la kamanda aliyemchomea nyumba, si kwa sababu ameridhia bali kwa sababu anahofu kwamba anayekataa atakosa mgao. Kwa hiyo kazi ya kukataa, ambayo siku za kawaida ni ya anayehojiwa, huwa imekuangukia wewe. Itakubidi ukatae kwa niaba yake, mara nyingi kwa siku, na mara nyingine hasara itakuwa ni habari yako mwenyewe.

Unachohitaji kabla ya kuondoka

- Vibali. Kambi za wakimbizi haziingiwi kwa kitambulisho cha habari peke yake. Tanzania kibali hutoka Wizara ya Mambo ya Ndani, Kenya huanzia kwenye idara ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, na Congo karibu kila ngazi ya utawala hutaka karatasi yake, kwa hiyo beba nakala nyingi zenye muhuri.
- Mkalimani asiyekuwa ndugu wa chifu, mfanyakazi wa shirika la misaada wala mtu wa jeshi. Kama utazungumza na wanawake, tafuta mkalimani mwanamke, na umtafute kabla ya safari, si siku ya pili saa kumi jioni.
- Madaftari mawili. La kwanza ni la maelezo, na humo watu huitwa kwa namba. La pili ni dogo, lina majina na namba zake tu, na halikai mfuko mmoja na la kwanza.
- Simu ambayo kamera yake imezimwa kipengele cha kuhifadhi mahali, yenye neno la siri badala ya alama ya kidole, kwa kuwa kidole chako kinaweza kushikwa na kubonyezwa.
- Maji na chakula chako mwenyewe, utakachokula ndani ya gari au chumbani. Kumenya yai mbele ya watu ambao hawajala tangu jana ni ukatili hata kama hukukusudia.
- Makubaliano ya maandishi na mhariri wako kuhusu picha zisizotumika, nani anaandika kichwa cha habari, na nani anaruhusiwa kubadili maelezo ya picha. Waandishi wengi huona aibu kudai karatasi hii, na ndio hao hao hunipigia baadaye wakilia.
- Mtu mmoja wa kumpigia kila jioni saa ile ile, anayejua la kufanya usipopiga.

Hatua ya 1: Mtafute aliyeleta njaa kabla ya kumtafuta mwenye njaa

Tarehe 23 Oktoba 1984 televisheni ya BBC ilionyesha picha za Korem, kaskazini mwa Ethiopia, zilizopigwa na Mkenya Mohamed Amin na kusimuliwa na Michael Buerk. Dunia iliziona, michango ikamiminika, na wako watu waliopona kwa sababu hiyo, nami sitaki kuwapunguzia wawili hao sifa yao. Hata hivyo, watazamaji wengi walibaki wakiamini kwamba kilichokosekana ni mvua. Mvua ilikosekana kweli, lakini serikali ya kijeshi ya Derg ilikuwa vitani na waasi wa Tigray na Eritrea, ndege zake zilipiga masoko, biashara ya nafaka ilibanwa, na mamia ya maelfu ya watu wakahamishiwa kusini-magharibi mwa nchi, wengi wao kwa nguvu. Habari ya ukame haina mtuhumiwa, ilhali habari ya njaa ya vita inaye, na ukimwacha nje umemsaidia.

Kwa sababu hiyo, fika ukiwa na maswali ya sokoni. Debe la mtama liliuzwa kiasi gani msimu kama huu mwaka jana, na leo ni kiasi gani? Barabara gani imefungwa, na ni nani anayekaa kwenye kizuizi? Ng'ombe wamekwenda wapi? Malori ya msaada yamekwama wapi, na nani hajatia saini? Kuwanyima raia chakula kwa makusudi wakati wa vita ni uhalifu wa kivita, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani mbinu hiyo kwa azimio namba 2417 la Mei 2018. Mama aliyeketi mbele ya hema huenda asijue lolote kuhusu azimio hilo, lakini bei ya mtama anaijua kuliko waziri.

Tahadhari: usilitumie neno "baa la njaa" kama pambo. Katika IPC, kipimo cha kimataifa cha ukali wa uhaba wa chakula, baa la njaa ni ngazi ya 5, na hutamkwa pale ambapo angalau asilimia 20 ya kaya hazina chakula kabisa, angalau asilimia 30 ya watoto wana utapiamlo mkali, na watu 2 katika kila 10,000 hufa kila siku kwa njaa au kwa maradhi yanayoambatana nayo. Lilitamkwa Somalia Julai 2011, kaunti za Leer na Mayendit huko Sudan Kusini Februari 2017, na kambi ya Zamzam karibu na El Fasher, Sudan, Agosti 2024. Ukilitamka wewe kila ukame unapoingia, siku litakapotamkwa na wanaopima halitamshtua mtu. Kosa la upande wa pili ni kungojea tangazo ndipo uandike. Somalia walikufa watu wanaokadiriwa kufikia 258,000, nusu yao watoto chini ya miaka 5, na wengi walikwisha kuzikwa kabla tangazo halijatoka. Andika ngazi ya 3 (mgogoro) na ya 4 (dharura) kwa majina yake halisi, mapema.

Hatua ya 2: Fika bila kufanana na msaada

Miaka mingi iliyopita niliingia kambi moja nikishuka kwenye gari la shirika, nikafungua daftari na kuanza kuuliza majina. Kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza palikuwa na mstari. Mama mmoja alifungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatoa kadi ya mgao iliyolainika kama kitambaa kwa kukunjwa mara nyingi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Mama, mimi ni mwandishi." Akajibu, "Ndiyo baba, andika." Kwake mwandishi ni mtu anayeandikisha, na kwa Kiswahili hakuwa amekosea lolote.

Tangu siku hiyo sijitambulishi kwa neno hilo peke yake. Nasema, "Mimi ni mtu wa redio. Sikuja kuandikisha. Sina chakula, sina turubai, sina jetoni ya mgao. Ukizungumza nami hutapata kitu, na usipozungumza hutapoteza kitu." Sentensi hizo ziandike kwa lugha ya mahali, uzikariri, uziseme kwanza kwa kiongozi wa kambi, yule ambaye kule Goma huitwa rais wa kambi, kisha uzirudie kwa kila mtu unayeketi naye. Usivae fulana wala kofia ya shirika lolote hata kama jua ni kali na wamekupa bure. Kama umeletwa na gari lao kwa kukosa njia nyingine, teremka mbali kidogo ufike kwa miguu.

Hatua ya 3: Omba ridhaa kwa namna inayorahisisha kukataliwa

Ridhaa ya kweli ina sehemu tatu, na wanaoanza huifanya ya kwanza tu, yaani kuuliza "Naweza?"

Sehemu ya pili ni kueleza matokeo kwa mambo anayoyajua. Usimwambie "itachapishwa mtandaoni". Mwambie, "Sauti yako itasikika kwenye simu, na yeyote mwenye simu anaweza kuisikia, hata aliyeko kule ulikokimbia, hata mwakani." Kisha muulize: wakisikia waliokufukuza itakuwaje? Akisikia mume wako? Mwache afikiri. Ukimya wa nusu dakika hapo una thamani kuliko robo saa ya mahojiano.

Sehemu ya tatu ni kumwomba akurudishie kwa maneno yake. "Mama, hebu niambie nitafanya nini na haya maneno." Akijibu kwamba utayapeleka kwa wakubwa wapate kuleta unga, bado hajakubali chochote. Anza upya au funga daftari.

Kumbuka pia kwamba mtu hukubali chini ya utawala fulani, na tawala hubadilika. Watu waliokuwa kambi za pembezoni mwa Goma, kama Mugunga na Bulengo, walizungumza na vyombo vya habari vingi mwaka 2024 dhidi ya waasi wa M23 wakiwa upande ulioshikwa na serikali. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 wakauteka mji, na wiki chache baadaye kambi hizo zikavunjwa na watu wakarudi makwao chini ya hao hao waliowataja. Maneno yao hayakuondoka mtandaoni. Kwa hiyo jiulize si tu "je, yuko salama leo?" bali "je, atakuwa salama barabara hii ikishikwa na upande wa pili?"

Tahadhari mbili ambazo Kiswahili chenyewe hukutegea. Ya kwanza ni jina la mtoto. Ukimwita "Mama Furaha" ukidhani umemficha kwa kuwa hukuandika jina lake, umemfichua, kwa sababu hilo ndilo jina analojulikana nalo kijiji kizima. Mpe jina la kubuni lisilohusiana na mtoto wake yeyote, na useme wazi kwamba si jina lake. Ya pili ni lafudhi. Msikilizaji wa Kivu husikia sentensi mbili tu akajua msemaji ametoka upande gani, hivyo kuficha uso na kuiacha sauti kama ilivyo ni kazi ya nusu. Sauti ya mtu aliye hatarini isomwe na mtu mwingine.

Hatua ya 4: Mtoto

Machi 1993, Kevin Carter wa Afrika Kusini alimpiga picha mtoto aliyeinama chini kwa udhaifu huko Ayod, ambako leo ni Sudan Kusini, huku ndege tai akiwa nyuma yake. Gazeti la New York Times liliichapa tarehe 26 Machi, na wasomaji wakaandika kwa wingi kuuliza mtoto yule aliishia wapi, nalo gazeti likalazimika kukiri kwamba halijui kama alikifikia kituo cha chakula. Mwaka uliofuata picha ilishinda tuzo ya Pulitzer, na Julai 1994 Carter alijiua. Watu hubishana hadi leo kama alipaswa kumbeba yule mtoto, na ubishi huo umechosha. Mimi huwafundisha jambo dogo zaidi: hakuna jina lililoandikwa. Kwa miaka mingi dunia iliamini kwamba ni msichana, mpaka waandishi waliokwenda Ayod mwaka 2011 walipoelezwa na familia kwamba alikuwa mvulana, kwamba alikuwa amekwisha kuandikishwa kituoni, na kwamba aliipona njaa ile.

Basi fanya hivi. Uliza mtoto ni wa nani, na mzazi au mlezi akubali kwa utaratibu wa Hatua ya 3. Mtoto asiye na mlezi hapigwi picha inayomtambulisha. Jina lake na umri wake viandikwe daftarini hata kama havitachapwa, pamoja na mahali, tarehe na mahali alikopelekwa baada yako. Usipige picha ya mtoto aliye uchi. Mama akitaka kumfunika, mpe nafasi. Piga picha ukiwa umechuchumaa, kamera usawa wa macho yake, kwa sababu picha inayomtazama mtoto kutoka juu humfanya kitu kilichookotwa.

Ndani ya wodi ya lishe, mwombe muuguzi akuonyeshe utepe wanaopimia mkono wa juu wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Una rangi tatu, na chini ya milimita 115 mshale huangukia kwenye nyekundu, yaani utapiamlo mkali uliokithiri. Picha ya utepe huo ukiwa umezunguka mkono, bila uso, husema yote ambayo mhariri anadhani yanahitaji macho ya mtoto. Utaona pia kwamba si kila mwenye njaa amekonda, kwani wengine huvimba miguu na mashavu, na mwandishi mgeni humpita huyo akidhani ameshiba.

Tahadhari ambayo niliijua kwa aibu: usimpe mtoto wa wodi hiyo chakula. Nilitoa biskuti mfukoni, na muuguzi akaukamata mkono wangu hewani kabla haijafika. Mwili uliodhoofu kiasi hicho ukipewa chakula cha kawaida ghafla, moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75 kwa vipimo vidogo kila baada ya saa chache. Wema wako usiokuwa na daktari uache nje ya mlango.

Hatua ya 5: Waliobakwa

Hapa nitakuwa mfupi na mkali. Usiwatafute. Usimwombe kiongozi wa kambi "akuletee mmoja". Hospitali ya Panzi ya Dkt. Denis Mukwege kule Bukavu imehudumia makumi ya maelfu ya manusura, na madaktari, wanasheria na washauri wa vituo kama hicho wanaweza kukupa habari nzima bila mtu yeyote kulazimika kuurudia usiku ule. Kama mtu mzima mwenyewe, kupitia mshauri wake, ameamua kuzungumza, mwache aanzie anapotaka na aishie anapotaka. Usiulize walikuwa wangapi, usiulize walivaa nini, usiulize alivaa nini. Usichape uso, jina, kijiji, kazi ya mume, wala mtoto aliyezaliwa. Mshauri awe amebaki naye ukiondoka.

Hatua ya 6: Wenye bunduki

Sheria za vita, katika kifungu cha 79 cha Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, zinakuhesabu mwandishi kuwa raia, si mpiganaji. Uraia huo unaulinda wewe mwenyewe kwa mwenendo wako: usibebe silaha, usivae sare, usipeleke ujumbe wa upande mmoja kwa mwingine, na usitangaze walipojificha watu au walipo askari hata kama umewaona kwa macho yako. Gari la jeshi lipande tu pale ambapo hakuna njia nyingine, na uwaambie wasomaji wazi kwamba ulipelekwa na jeshi, ulionyeshwa kile, na hukuruhusiwa kufika kule. Mahojiano yanayofanyika askari akiwa amesimama umbali wa hatua tano si mahojiano. Piga picha ya mandhari, kunywa maji, urudi siku nyingine bila yeye.

Angalia majina. Mashariki mwa Congo makundi yenye silaha yanayopigana upande wa serikali huitwa Wazalendo, na sisi waandishi wa Kiswahili tuna tabu ambayo wenzetu wa lugha nyingine hawana, kwa sababu neno hilo kwetu ni sifa. Ukiandika "wazalendo waliingia kijijini" bila herufi kubwa na bila kueleza kwamba ndivyo wanavyojiita, umewatunuku nishani. "Magaidi", "wavamizi", "majambazi" nayo ni maneno ya upande fulani. Andika jina la kundi na kitendo lilichofanya. Na ukisikia binadamu wakiitwa wadudu au nyoka, usirudie hata kwa kunukuu bila sababu nzito. Desemba 2003, hapa Arusha, mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura, na silaha yao ilikuwa maneno.

Idadi ya waliokufa isiandikwe bila mwenye kuitoa. "Jeshi linasema", "hospitali imepokea miili 14", "niliyahesabu makaburi mapya 9" ni kauli tatu tofauti, na msomaji ana haki ya kujua ipi ni ipi.

Hatua ya 7: Pesa

Bahasha usipokee. Ninajua posho ya wengi haitoshi, na ninajua jina zuri inaloitwa bahasha hiyo, yaani nauli. Lakini shirika lililokulipa nauli ndilo utakalolikuta kesho mgao wake ukiwa umepungua njiani, na utakosa mdomo. Ukipewa kiti kwenye ndege ya misaada kwa kuwa hakuna nyingine, taja hilo kwenye habari.

Anayehojiwa hapewi chochote kabla, wala haahidiwi. Baada ya hapo wengi husema usitoe kabisa. Mimi siko mkali hivyo: ukitaka kusaidia, saidia siku nyingine, kupitia zahanati au wazee wa kambi, pasipo kamera, na usimpe yule uliyemhoji ukawaacha majirani zake 200 wakijifunza kwamba machozi yana bei. Jambo moja halina mjadala. Mtu akiwa anakufa mbele yako na gari lako linaweza kumfikisha kwa daktari, kamera inawekwa chini.

Hatua ya 8: Mwenyeji wako

Fixa (mwenyeji anayekupangia njia na watu wa kuhoji), dereva na mkalimani watabaki baada ya wewe kuondoka, na watu waliowaona wakiwa nawe watawakumbuka. Walipe kile mlichoandikiana, hata safari ikivunjika. Waulize kama wanataka majina yao yatajwe. Wako wanaoyataka kwa heshima ya kazi, na wako ambao kutajwa ni hatari kwao. Mmoja wao akisema "hapa tusiende", hamwendi, na hamjadiliani. Tarehe 12 Julai 1993 huko Mogadishu waandishi wanne, wakiwemo Wakenya Hos Maina na Anthony Macharia wa Reuters pamoja na Dan Eldon aliyekulia Nairobi, waliuawa na umati wenye hasira walipokwenda kupiga picha za nyumba iliyoshambuliwa na ndege za Marekani. Walikuwa wazoefu wa mji ule.

Hatua ya 9: Mezani

Kila picha iende na tarehe, mahali na maelezo uliyoandika mwenyewe. Picha ya mwaka jana isitumike kwa njaa ya mwaka huu bila kusema. Soma habari yako mara moja kwa jicho la kamanda anayetafuta mtu: je, "muuza mkaa mwenye mapacha kutoka kijiji fulani" hajapatikana tayari? Futa kimoja kati ya hivyo vitatu, ikibidi viwili. Soma mara ya pili kwa jicho la mhusika: je, yumo kama mtu mwenye akili, mwenye kazi aliyokuwa akiifanya kabla ya haya yote, au yumo kama tumbo tupu? Na tafadhali acha kujiita sauti ya wasio na sauti. Sauti wanayo, na ndiyo uliyokuwa ukiirekodi.

Hatua ya 10: Rudi

Piga simu baada ya wiki moja, au mtume mtu. Waliotajwa wameisikia habari? Kuna aliyesumbuliwa? Makosa yasahihishwe pale pale yalipochapwa. Daftari lile dogo la majina, hatari ikiwa bado ipo, lichomwe.

Mambo yakikwama

*Umati unakuzunguka na unataka kuandikwa.* Funga daftari, weka kamera ndani ya mkoba, rudia kwa sauti sentensi zako za Hatua ya 2, kisha umwombe mzee wa eneo awaeleze. Wasipotulia, ondoka taratibu bila kukimbia.

*Askari anataka ufute picha.* Zifute mbele yake. Hakuna picha inayolingana na maisha ya dereva wako. Kama ulikuwa umekwisha kuzituma, usimwambie.

*Mkalimani anageuza maelezo ya dakika tano kuwa "anasema maisha ni magumu".* Simamisha mahojiano, mtoe pembeni, umkumbushe kwamba unataka maneno, si muhtasari. Akiendelea, rekodi na umpe mtu mwingine atafsiri upya jioni.

*Mhariri anasisitiza uso wa mtoto.* Mtumie ile karatasi mliyosaini. Kama hamkusaini, usimtumie picha hiyo kabisa. Picha ambayo haijafika chumba cha habari haiwezi kuchapwa.

*Aliyekubali amebadili mawazo.* Kabla ya kuchapwa, unatoa bila kuuliza sababu. Baada ya kuchapwa, ondoa jina, sauti au picha mtandaoni siku hiyo hiyo, na umweleze kwa ukweli kwamba nakala zilizokwisha kusambaa huwezi kuzirudisha.

*Mahakama inakuita kutoa ushahidi.* Usijibu peke yako. Desemba 2002 mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani, katika shauri lililomhusu Jonathan Randal aliyekuwa wa Washington Post, iliamua kwamba mwandishi wa vita halazimishwi kutoa ushahidi ila pale ambapo ushahidi huo una uzito wa moja kwa moja katika jambo la msingi na hauwezi kupatikana kwingine. Mpelekee mwanasheria hoja hiyo kabla hujafungua daftari kwa mtu yeyote.

*Umerudi nyumbani na hulali.* Harufu ya moshi wa kuni inakurudisha kambini, unamfokea mtoto wako kwa kubakiza ugali. Mwambie mhariri kwamba safari ijayo hutakwenda, na ukamwone mshauri wa afya ya akili wiki hii, kabla hujakaa kuandika sehemu ya pili.